Samaki Wasio na Jina

Halfani Mrisho alikuwa mtu wa pwani kwa kila kitu isipokuwa kimoja: hakuzaliwa pwani. Alizaliwa Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, na bahari aliyolelewa nayo ilikuwa maneno matupu ya marehemu baba yake, Mzaramo wa Mbwamaji, kando ya Dar es Salaam, aliyepanda bara na malori ya chumvi akasahau kushuka. Lakini ungemkuta dukani kwake Mbeya, pale karibu na Sokomatola, kofia ya kudarizi kichwani na kikombe cha kahawa mkononi, ungeapa kwamba jana tu ametoka kuvua. Mteja akija kutaka mchele alipewa mchele na methali ya bahari juu yake. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," humwambia, na aombe Mungu asiulizwe ngama ni nini, maana yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama ni sehemu ya chombo au jina la mji.

Mtu wa pwani wa kweli mle nyumbani alikuwa mkewe, Mwanakhamisi, naye methali hakuwa nazo. Alizaliwa Mbwamaji, akaolewa bara angali msichana, akalea watoto ambao sasa wote wameoa na kuolewa na kutawanyika. Maneno yake yalikuwa machache na yenye chumvi. Kasoro yake moja, kwa hesabu ya mumewe, ilikuwa taa ya umeme ya uani. Akiiwasha jioni huisahau, ikawaka hadi jua la mchana, na kila Halfani alipopita chini yake alinung'unika: "Mama Siwema, leo tena tunalimulikia jua?" Naye hujibu, "Huenda likapotea njia."

Mwaka ule Reli ya Uhuru ilikuwa bado changa, mabehewa yananukia rangi. Mwanakhamisi alishuka nayo kwenda kumzika mama yake, akakaa hadi arobaini, akarudi. Aliporudi hakuwa yule aliyekwenda. Alipika, alifua, aliitikia salamu, lakini jioni hukaa barazani akitazama milima kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Siku moja akasema, bila ugomvi wowote:

"Nyumba ya mama imebaki tupu. Mpunga ukishavunwa nitakwenda kuikalia. Nipumzike."

"Mpaka lini?"

"Pumziko halina tarehe, Baba Siwema."

Halfani akacheka, akidhani ni utani. Kisha akamtazama usoni akaona si utani. Aliogopa. Tuseme ukweli hapa kwa sababu yeye hakuusema: mtu huyu aliyeweza kubishana na dereva wa lori kutoka asubuhi mpaka adhuhuri aliogopa, na neno moja tu lililohitajika, "usiende", likakataa kutoka. Alijiambia kwamba mwanamume wa pwani hambembelezi mke. Uongo mtupu. Pwani ndiko hasa wanakobembeleza, na angekuwa amekulia huko angelijua hilo.

Basi badala ya kusema neno, akanunua kitu. Kule Uyole, kwenye shamba la utafiti, mzungu mmoja alikuwa amemaliza muda wake na anauza vyombo vya nyumbani. Halfani alikwenda kutazama makochi. Akarudi na sanduku kubwa la kioo, refu kama jeneza la mtoto mkubwa, limezungushiwa magodoro ndani ya lori, pamoja na kimashine cha kupulizia hewa majini na kifimbo cha umeme cha kupasha maji moto. Mzungu alikuwa akifuga humo samaki wa mtoni, akamweleza mambo mengi sana. Halfani alijibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila jambo, na mzungu akaondoka nchini akiamini ameeleweka.

"Mama Siwema," akatangaza, sanduku lilipokwisha kuwekwa sebuleni, "nimekuletea bahari!"

Mwanakhamisi alilizunguka, akaligonga kwa kidole. "Naona kabati la sahani lililosahauliwa milango."

Halfani alishajitayarisha. Alijaza maji ya bomba, akamimina chumvi ya Uvinza gunia zima, akakoroga kwa mwiko mkubwa wa pilau. Chumvi ni chumvi, alisema. Mkewe alichovya kidole, akalamba, akafikiri kidogo.

"Kimepungua kitunguu," alisema.

Halfani akakaa kwenye kigoda, mwiko mkononi. Nadhani ule uso wake ndio uliomtia Mwanakhamisi huruma, kwa maana siku hiyo alizungumza kuliko mwezi mzima uliotangulia. Alimweleza kwamba wao, wasichana wa Mbwamaji, walikuwa wakienda kutanda uduvi maji yakitoka, wawili wawili wakishika pembe za kanga. Mtu akisimama kimya, maji yakiwa magotini, samaki wadogo humjia, kundi zima. Wakimfikia mguu wanagawanyika, upande huu na upande huu, na wakishapita wanakuwa kitu kimoja tena, na hakuna aliyewapigia filimbi.

"Samaki mmoja mmoja nimewaona vya kutosha, kwenye sinia," alisema. "Wanaokwenda pamoja, hao ndio sijawaona siku nyingi."

Basi kazi ikajulikana. Halfani alilala usiku ule akiwa na furaha ya mtu aliyeagizwa kitu dukani. Akileta samaki wanaokwenda pamoja, mke atabaki. Hivyo tu.

Sasa ni lazima Nkuba aingie, na ukimchelewesha Nkuba huingia mwenyewe. Alikuwa Msukuma aliyehama na ng'ombe wake kutoka kaskazini hadi mbuga za Usangu, akaongeza na mpunga, na kila alipoleta mchele wake kutoka Rujewa alilala kwa Halfani. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na Nkuba aliutumikia utani kama wengine wanavyotumikia dini. Alikuwa akiingia jikoni akifunua vyungu. Alikuwa akichukua kofia ya Halfani akaondoka nayo. Halfani naye aliwahi kumtangazia kilio Nkuba mbele ya mnada mzima wa ng'ombe, Nkuba mwenyewe akiwa amesimama pale. Hakuna aliyekasirika, kwa maana mtani hakasirikiwi. Anayekasirika ndiye anayetozwa.

"Mwangaluka, Mzaramo!" alimwamkia kwa Kisukuma siku aliyofika, akisimama mbele ya kioo. "Nasikia unafuga samaki. Bahari yenyewe umeiona wapi wewe, kwenye kalenda?"

"Nyie wa ng'ombe hamwezi kuelewa. Sisi samaki tunawajua kwa majina."

"Haya. Wataje."

Halfani akawataja: changu, tasi, mkizi, pono, chewa, kitatange. Aliwataja kwa sauti ya mtu anayesoma dua. Na ndivyo alivyowaagiza pia. Kudra, mtoto wa kiume wa kaka yake Mwanakhamisi, alikuwa mhudumu kwenye behewa la chakula la treni ile, akishuka pwani na kupanda Mbeya kila juma. Halfani alimwambia alete maji ya bahari kwenye madumu, na samaki wachanga, kila aina mmoja, wale wa heshima.

Stesheni walimcheka Kudra mpaka wakachoka. Wameona watu wakisafirisha ndizi, mbao, hata jogoo. Lakini mtu anayesafirisha maji kuyapeleka Mbeya, mji unaonyeshewa mvua mpaka nguo zinaota ukungu, huyo hawakuwa wamemwona. Hata hivyo maji yalifika, na samaki wakafika, na sebule ya Halfani ikapendeza kweli. Kitatange alikuwa na mistari ya manjano. Mkizi aling'aa. Chewa mdogo alikaa chini kwenye mchanga, mdomo wazi, mpole kama shekhe.

Asubuhi ya kwanza tasi hakuonekana. Halfani alitafuta nyuma ya mawe. Asubuhi iliyofuata mkizi naye hayupo, na kitatange alikuwa akimkimbiza changu huku na huku, akimng'ata mkia. Chewa alikuwa palepale, mpole, ila tumbo limekuwa kubwa.

Nkuba, aliporudi na lori, alimkuta chewa amebaki peke yake, akachungulia mara moja tu. "Mzaramo, umetia simba na mbuzi zizi moja, halafu unauliza mbuzi wamekwenda wapi?"

Na Mwanakhamisi akacheka. Alicheka kwa sauti, akishika kanga mdomoni, mara ya kwanza tangu msiba. Halfani alikasirika kwa sababu ya samaki na akafurahi kwa sababu ya kicheko, vyote kwa mpigo, akabaki hajui uso aupeleke wapi. Chewa alichukuliwa na Nkuba siku ileile kwa haki ya utani, akakaangwa, akaliwa na ugali. Nkuba alisema samaki wa bahari ana ladha ya mtu aliyelia sana.

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Halfani alikaa akafikiri, akaona kosa lake: alileta masultani, na masultani hawaendi kwa kundi. Wanaokwenda kwa kundi ni dagaa! Nani asiyejua? Akamwagiza Kudra dagaa, dagaa wengi, wajaze dumu.

Kudra akalijaza. Treni ikapita bonde la Kilombero mchana, joto kali, dumu limefungwa kizibo. Lilipofunguliwa Mbeya, wengi walikuwa wanaelea. Waliobaki hai waliingizwa kwenye kioo, wakapiga mbio kutoka ukuta hadi ukuta kama waliotoroka jela. Wengine waliruka nje kabisa, paka wa jirani akawahi. Mwisho walibaki watatu. Walijibana pembeni nyuma ya jiwe, hawaendi mbele wala nyuma.

Mwanakhamisi aliinama akawaangalia kwa muda mrefu.

"Hawa si kundi tena," alisema taratibu. "Hawa ni wafiwa."

Hapo hakucheka, na Halfani pia hakucheka. Mpunga Usangu ulikuwa umeshaanza kuvunwa. Sanduku la Mwanakhamisi, lile la bati lenye maua, lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kabati, limefutwa vumbi, na kila alipolipita Halfani aliangalia pembeni.

Jumapili moja mchana walikaa sebuleni watatu: Halfani, mkewe, na Nkuba, mbele yao maji matupu yakitoa mapovu. Hata wale wafiwa walikuwa wamekufa wakifuatana.

"Mimi bahari siijui," Nkuba alisema, "lakini kundi nalijua. Ng'ombe hununui mmoja mnada huu, mwingine mnada ule, halafu ukasema una kundi. Hapo una ugomvi wenye pembe. Unanunua waliokwisha kuzoeana. Walionyonya pamoja. Tena wadogo, kabla hawajajua nani mkubwa."

"Samaki hawanyonyi," Halfani alisema.

"Ndiyo maana wanakufa."

Mwanakhamisi alikuwa akichambua uduvi kwenye ungo. Akasema, bila kuinua macho, "Mtani wako leo amesema jambo."

Wote wawili wakamgeukia, Nkuba kwa mshangao zaidi.

"Wale niliowasema mimi hawakuwa dagaa," aliendelea. "Dagaa wanapita njia, hawana kwao. Wapo wengine, wadogo, rangi yao kijani inayoingia buluu. Mbele ya nyumba ya mama, maji yakitoka sana, kuna matumbawe yenye matawi. Kila tawi lina watu wake. Wanaelea juu yake kama moshi, na kivuli kikipita, wote, fyu, ndani ya matawi. Kivuli kikiondoka, wote nje. Hawaendi mbali na tumbawe lao hata siku moja. Hao ndio waliokuwa wakinijia miguuni, kwa kuwa nilikuwa nasimama kwao."

"Wanaitwaje?" Halfani aliuliza, na tayari alikuwa anatafuta penseli.

"Hawaitwi."

"Samaki asiye na jina?"

"Tumpe jina la nini? Haliwi." Akapeperusha ungo. "Wewe umekuwa ukiagiza samaki kwa majina, Baba Siwema, na pwani anayepewa jina ni yule anayeingia chunguni. Umeleta mchuzi mzima nyumba hii. Mimi nilisema wa kutazama."

Kisha Nkuba alianza kucheka, akacheka mpaka akateremka kwenye kochi, na Halfani, mtoto wa pwani wa Ipogolo, akavumilia. Mtani hakasirikiwi.

Safari hiyo Mwanakhamisi mwenyewe ndiye aliyemwagiza Kudra, na alimwagiza kama anayemtuma kuposa. "Usimkimbize hata mmoja. Nenda maji yakitoka, pitisha kivuli chako, wakishaingia kwenye matawi, inua tumbawe lao zima, polepole, ndani ya ndoo iliyo majini. Chukua tawi dogo, lenye watoto. Usichanganye na la jirani. Usiwape chakula kabla ya safari. Ndoo ifunike kwa kitambaa, si kizibo, na izungushie gunia bichi. Na kila mkisimama stesheni, chota maji kwa kikombe, uyamwage ndani kutoka juu, wapate pumzi."

"Na abiria wakitaka chai, shangazi?"

"Wataingoja. Wao wana pua."

Walifika. Tumbawe liliwekwa katikati ya kioo, na mchana mzima halikuonyesha kitu, hata Halfani akaanza kulaani. Alasiri, kichwa kimoja kikatoka kati ya matawi. Kikarudi. Kisha wakatoka wote kwa pamoja, wakaning'inia juu ya tumbawe wakimetameta, wakigeuka huku wote, wakigeuka kule wote. Mwanakhamisi alipitisha mkono wake mbele ya kioo. Fyu, wakaingia. Akauondoa. Wakatoka. Akaupitisha tena, kama mtoto, na machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta. Halfani alitaka kusema kitu. Akasema, "Chumvi imekolea sasa?"

"Imekolea," mkewe akamjibu.

Habari haikukaa ndani. Wa kwanza kuja alikuwa Atuganile, jirani Mnyakyusa aliyekuwa akiuza ndizi sokoni, aliyekuja kuazima kinu akasahau kinu. "Mwee! Mama Siwema, hawa wamefundwa na nani? Watoto wangu hata kwenda kisimani pamoja hawawezi!" Kesho yake alimleta Leokadia, mwalimu wa chekechea wa mtaa ule, naye akamleta mama yake. Wakawa wanakuja kila alasiri na ufumaji wao. Mwanakhamisi aliwatwangia samaki uduvi, akawapikia wageni kahawa ya tangawizi, akawasimulia Mbwamaji mpaka Atuganile akajua jina la kila kisima cha kule. Miaka mingi walikuwa wamesalimiana kwenye uzio tu. Halfani alirudi kutoka dukani akakuta hana pa kukaa kwenye sebule yake mwenyewe, akaenda kukaa uani, chini ya taa inayowaka mchana, akaridhika.

Lakini sanduku la bati halikurudi juu ya kabati. Mpunga ulikwisha. Tiketi ya treni ilikatwa, ikawekwa chini ya saa ya mezani, na kila mtu aliiona na hakuna aliyeitaja. Halfani alikuwa na hakika kwamba samaki wangeijibu ile tiketi kwa niaba yake. Samaki, kama ilivyo desturi yao, hawakusema kitu.

Siku yenyewe ikafika. Treni ilikuwa ya alasiri. Asubuhi Mwanakhamisi alipiga pasi buibui lake, akawalisha samaki, akamwonyesha Halfani kipimo cha uduvi. "Kama unavyotia chumvi kwenye yai," alimwambia, "si kama unavyotia kwenye bahari." Nkuba alikuwa amekuja tangu jana kumsindikiza shemeji yake, na asubuhi yote alizungukazunguka nyumbani akifunua vyungu. Halfani alijaribu mara mbili kusema lile neno. Mara ya kwanza likatoka likiwa swali kuhusu mwavuli. Mara ya pili likawa kikohozi.

Mchana, teksi ikiwa imeshaitwa, Mwanakhamisi alipita sebuleni amevaa buibui, akasimama.

"Mbona kimya?"

Ile sauti ya mapovu, waliyoizoea hata hawaisikii tena, haikuwako. Kimashine kilikuwa kimenyamaza. Kifimbo cha joto kilikuwa kimezimika. Samaki walikuwa wamepanda juu kabisa, midomo kwenye uso wa maji, wanahema.

"Umeme umekatika!" Halfani alipiga kelele. "Leo! Umeme wenyewe uchague leo!"

Mwanakhamisi alivua buibui, akalitupa juu ya sanduku la bati. Alichukua kikombe cha kahawa, akachota maji, akayamwaga kutoka juu, akachota, akamwaga. "Nenda kamwite Atuganile," alisema. "Na Leokadia. Waje na vikombe. Mtani, weka maji jikoni yapate moto, tuyatie kwenye chupa, tuziache zielee humu ndani. Mbeya hii itawaua kwa baridi kabla ya kukosa pumzi."

Walikuja mbio. Walipanga zamu, wawili wanachota, wawili wanapumzisha mikono, na chupa za maji moto zikielea katikati kama mabata. Atuganile alianzisha wimbo wa kutwangia ili vikombe viende pamoja. Dereva wa teksi alipiga honi nje, akaingia kuuliza, akapewa kikombe. Halfani alichota mpaka mikono ya kanzu ikalowa hadi mabegani, na kila alipochota alitazama saa, kisha mkewe, kisha saa. Hakuthubutu kumkumbusha. Muda wa treni ulifika ukapita. Mbali, upande wa Iyunga, ikasikika honi yake ndefu ikiondoka. Mwanakhamisi alikuwa anamwaga maji. Hakugeuza shingo.

Jua lilipoanza kuinama mapovu yakarudi, ghafla, brrr, na sebule yote ikapiga vigelegele. Samaki walishuka polepole hadi kwenye tumbawe lao, hakuna hata mmoja aliyekosekana. Wanawake walikausha mikono, wakanywa kahawa, wakaenda makwao wakitaniana kwamba leo wamewanyonyesha samaki. Dereva wa teksi alikataa malipo.

Hapo ndipo Halfani alipomwona Nkuba akiinuka kutoka nyuma ya kabati, akijifuta vumbi magotini. Na nyuma ya kabati, Halfani alijua vizuri, hakuna kitu ila soketi ya ukutani.

"Wewe," alisema.

"Mimi," Nkuba akakubali.

"Ulichomoa waya."

"Nilichomoa. Sasa nimerudisha. Ng'ombe akitaka kutoka zizini na mwenye ng'ombe amekuwa bubu, jirani anaweka mti mlangoni." Akanyoosha mkono, akachukua kofia ya kudarizi kichwani kwa Halfani, akaivaa. "Hii ndiyo malipo yangu. Ukikasirika naongeza na jogoo."

Halfani alihema kama samaki. Alitaka kukasirika, akakumbuka jogoo. Kisha akageuka, kwa kuwa mkewe alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Mtani ana haki ya kukuchezea wewe. Lakini mwanamke aliyekosa treni yake kwa hila, huyo anaweza kuwa na maneno.

"Mama Siwema, wallahi mimi sikujua—"

"Najua hukujua. Wewe ungejuaje? Ulikuwa unalia na umeme." Mwanakhamisi aliingia, akakaa kwenye sanduku la bati, juu ya buibui lake lililokunjamana. Mikono yake ilikuwa imejikunja kwa maji. "Mimi nilijua tangu kikombe cha kwanza."

"Ulijuaje?" Nkuba aliuliza, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa na uso wa mtu aliyelamba chumvi ya Uvinza.

Mwanakhamisi alielekeza kidevu dirishani. Uani, juu ya kigoda cha Halfani, taa ilikuwa inawaka, kama ilivyowaka tangu jana jioni, kama ilivyowaka mchana kutwa walipokuwa wakichota na kumwaga.

Wanaume wawili wakaitazama.

"Ningeweza kuinama nikauchomeka waya, nikaenda zangu stesheni," alisema Mwanakhamisi. "Nikaona, aa. Angalau kuna mtu mmoja nyumba hii hataki niende, hata kama ni Msukuma." Kisha akamtazama mumewe, wala hakuwa akitania tena. "Umeniletea maji kutoka Dar es Salaam, Baba Siwema. Umeniletea chewa, umeniletea wafiwa, umeninunulia mzungu mzima na kabati lake. Mwezi mzima nalipita sanduku hili nasubiri uniletee neno moja, na hilo halina hata nauli."

Nkuba, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alitoka sebuleni bila kuambiwa.

Halfani alisimama pale, kichwa wazi, kanzu inachuruzika. Nyuma yake wale wadogo waligeuka wote upande mmoja.

"Usiende, Mwanakhamisi," alisema. "Nitakuwa peke yangu."

Mkewe alimwacha asimame hivyo kidogo, kwa kuwa alikuwa amelingoja neno hilo muda mrefu na hakuona sababu ya kulimaliza haraka. Kisha akainuka kutoka kwenye sanduku, akalisukuma kwa mguu kuelekea kwake.

"Haya," alisema. "Lipandishe juu ya kabati. Halafu nenda kazime ile taa, kumekucha tangu asubuhi."